Madumu Mekundu ya Mjomba

Nilidhani ndege hujazwa mafuta kiwanjani. Ndivyo nilivyozoea kuona Dar es Salaam: lori linasogea chini ya bawa, mpira unaunganishwa, kazi imekwisha. Kwa hiyo asubuhi ile, kusini mwa Ziwa Winnebago katika jimbo la Wisconsin, Mjomba alipopakia madumu mekundu nyuma ya pikapu na kusema tunapitia sheli kwanza, nilijua anakwenda kununua mafuta ya mashine ya kukatia nyasi.

"Ya ndege haya, mjomba," akasema. "Panda twende."

Ndege yenyewe ni Cessna 150 ya viti viwili, anayoimiliki kwa ubia na mwenzake. Njiani akanieleza kwamba kiwanja chao kidogo kinauza mafuta ya aina moja tu, yale ya rangi ya samawati yaitwayo 100LL. Bei yake inauma, halafu yana risasi, hadi gramu 0.56 kwa kila lita. Nilimgeukia nikidhani ananitania. Risasi? Sisi kusini mwa Sahara tuliachana na petroli ya risasi kwenye magari mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikafuata 2021. Nchi iliyopeleka watu mwezini inaitia kwenye ndege hadi leo! Mwaka 2023 shirika lao la mazingira lilitamka rasmi kwamba moshi wa risasi wa ndege hizi unahatarisha afya, lakini kuiacha si jambo la siku moja, kwa kuwa injini zenye mgandamizo mkubwa zinadai oktani ya juu.

Injini ya Cessna 150 haina makuu hayo. Ilibuniwa kwa mafuta ya oktani 80, na petroli nzuri ya gari inaitosha. Mwaka 1982 chama cha wapenda ndege cha EAA, ambacho leo makao yake yako Oshkosh, kando ya ziwa hilihili, kilipata kibali cha mamlaka ya anga cha kuitumia kwenye ndege za aina hiyo. Shida ni kwamba kiwanja hakiiuzi. Anayeitaka aibebe mwenyewe.

Sheli hakuna kijana wa kukuhudumia, unajimiminia. Mjomba alipita pampu za kawaida, maana petroli nyingi ya Marekani imechanganywa na ethanoli, spiriti ya mahindi, ambayo kibali chake kinaikataza. Huvuta maji na kutafuna mipira ya zamani ya mfumo wa mafuta. Alikwenda kwenye pampu ya pembeni isiyo na ethanoli, wanayoipenda wenye maboti.

Hapo nikaona la kustaajabisha. Alishusha madumu yote, moja moja, akayapanga sakafuni. Kwa nini asijaze yakiwa juu ya gari? Kwetu petroli hujazwa kwenye dumu lililopakatwa juu ya bodaboda, na vijijini inauzwa barabarani kwenye chupa za maji. Akaniambia petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli, zile cheche za blanketi la nailoni usiku wa kipupwe kule Mafinga. Dumu likikaa juu ya zulia la plastiki la pikapu, umeme hauna pa kutokea. Likikaa ardhini, na mdomo wa pampu ukiligusa muda wote, unashuka taratibu. Akajaza polepole, akaacha nafasi juu, kwani petroli hutanuka ikipata joto, kisha akafunga vifuniko na kuyakaza madumu kwa mikanda nyuma, yakiwa wima. Ndani ya gari halikuingia hata moja.

Nakiri nilichoka kusubiri. Lakini nilipenda kwamba hakuna aliyekuwa akimsimamia.

Kiwanjani nilitafuta geti, mlinzi, mashine ya kukagua mizigo. Palikuwa na nyasi, mabanda ya mabati, na mzee mmoja aliyetupungia mkono bila kuuliza sisi ni nani. Tuliisukuma ndege nje kwa mikono. Ndiyo, kwa mikono! Ndani ya hanga hajazi, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kutafuta moto.

Kabla ya kumimina alichukua kibomba cha kioo chenye alama, akatia maji hadi kwenye alama, akajazia petroli, akatikisa. Tukasubiri. Maji yangepanda juu ya alama, ingekuwa na maana kwamba kuna ethanoli iliyohamia humo. Hayakupanda. Akabana waya kwenye bomba la moshi la ndege, akauunganisha na faneli ya chuma yenye kichujio, akapanda ngazi. Mabawa ya Cessna 150 yako juu ya kichwa, na dumu la galoni tano, yaani lita 19 hivi, si jepesi kulipandisha. Mimi nilipewa kizima moto nisimame nacho, na nilisimama nacho kwa heshima zote. Mwisho akachuruzisha mafuta kidogo kutoka chini ya bawa, akayatazama kwenye mwanga kama yana maji.

Tukaruka. Kiti ni chembamba, bega langu liligusana na lake tangu kuwasha hadi kushuka, na kelele ile hata vipokea sauti vya masikioni havikuimaliza. Chini, Winnebago lilitanda hadi upeo wa macho, boti zikiwa nukta. Niliuliza injini inakula kiasi gani. Zaidi ya lita 20 kwa saa, akajibu.

Nikapiga hesabu: dumu moja halifiki saa. Tuliposhuka Mjomba aliyatazama madumu matupu, akanirushia funguo za pikapu.

"Safari hii unashusha wewe, mjomba. Na uweke chini kwanza."