Ishara Isipokuja, Mota Ifanye Nini?

Wengi mnajua kazi yangu ni kuandika programu, si kushika bisibisi. Leo lakini nataka tuzungumze kuhusu programu isiyoonekana kwenye skrini: ile inayoiambia mota ya kiwandani iende wapi, na lini.

Kwanza maelezo kidogo. Kidhibiti cha nafasi huipeleka mota mpaka mahali ulipotaja, kwa kasi uliyotaja, kisha kikaisimamisha hapo hapo. Safari ndefu hugawanywa vipande. Kwenye SINAMICS S120 ya Siemens, kwa mfano, unajaza jedwali la vipande visivyozidi 64: mahali pa kufika, kasi, namna ya kuongeza mwendo na kuupunguza. Hiyo ni hesabu tu. Utamu uko kwenye swali lingine: kipande kinachofuata kianze kwa sharti gani?

Unaweza kusema fika usimame, basi. Au fika, simama, kisha endelea. Au unganisha vipande bila kusimama. Hayo matatu hayangoji mtu. Yako mengine matatu yanayosikiliza ishara ya nje, tuseme sensa imeona katoni. Ishara ikija, yote matatu huanza kipande kipya mara moja. Tofauti yake ni moja tu: isipokuja je?

1. Endelea tu ukifika pale ambapo ungeanza kupunguza mwendo.
2. Nenda mpaka mwisho wa kipande, usubiri kimya.
3. Subiri vivyo hivyo, lakini toa onyo (A07463).

Sasa kisa. Kuna kiwanda fulani hapa Nairobi, jina tuliache, chenye mashine ya kupanga katoni. Katoni inafika, sensa inaiona, mkono wa mashine unaisukuma kando. Kila baada ya muda mkono ulikuwa unagoma, na hakuna taa yoyote nyekundu. Fundi wa zamu akanionyesha "dawa" yake: anafungua kifuniko, anaingiza mkono, anavuta katoni nyuma kidogo, na mashine inaamka.

Nilipoona vile moyo ulinidunda. Mashine ile haikuwa imelala hata kidogo. Ilikuwa imewekwa sharti la pili, inasubiri. Na kidhibiti hiki hakiangalii kama ishara ipo; kinaangalia ishara inapobadilika kutoka 0 kwenda 1. Katoni zikifuatana zikiwa zimegusana, sensa inaona katoni moja ndefu isiyoisha. Ishara inabaki 1, hakuna badiliko, mkono hauendi. Fundi akivuta katoni, nafasi inatokea, ishara inashuka 0, kisha inarudi 1. Yaani alikuwa anaiwashia mashine ruhusa ya kwenda, huku mkono wake ukiwa njiani!

Tulifanya mambo matatu. Mkanda wa mbele uliongezwa kasi kuliko wa nyuma ili katoni ziachane. Sharti likawa la tatu, ili mashine iseme inasubiri nini. Na kifuniko kikawekewa swichi ya usalama inayoiondolea mota nguvu kikifunguliwa. Hili la mwisho ndilo kubwa, maana onyo kwenye skrini halizuii chuma.

Wewe unayeandika programu za benki au za shule, usidhani haya hayakuhusu. Kila mara unaposubiri jibu kutoka kwa mtandao, umechagua mojawapo ya hayo matatu: kuendelea, kunyamaza au kusema. Usipochagua mwenyewe, umechaguliwa. Kwetu, kunyamaza huleta mteja mwenye hasira. Kule kiwandani, mtu aliye mbele ya mashine iliyonyamaza ataamini kuwa imezimika, na atanyoosha mkono.

Haya, tuonane wiki ijayo.