Kiu ya Mikoko ya Gazi

Maji yamekupwa. Njia ya mbao ya akina mama wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale, inatupitisha juu ya matope meusi, na kila ubao unapolia, kaa wanakimbilia mashimoni. Miti ya kwanza tunayoikuta upande wa nchi kavu ni michu. Mama anayetuongoza anachuma jani, ananipa nililambe. Chumvi! Nikilielekeza juani naziona chembe zake zikimeta.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kila aliyewahi kumkausha samaki anajua chumvi inavyofanya: maji hupenya utando wa seli za nyama na kutoka kuelekea kwenye chumvi nyingi, nyama ikakauka. Hiyo ndiyo osmosisi. Kwa kanuni hiyohiyo, bahari ingeukausha huu mchu ukiwa umesimama ndani ya maji.

Mchu umeishi kwa sababu seli zake zimejipanga. Chumvi inayoingia hufungiwa kwenye vakuoli, kile kifuko cha maji kinachojaza sehemu kubwa ya seli. Nje ya kifuko, kwenye sitoplazimu, protini zingeharibiwa na chumvi, hivyo seli hutengeneza glisini-betaini, kemikali isiyodhuru, ili maji yasivutwe upande mmoja. Chumvi ya ziada husukumwa nje na tezi za jani, na ndiyo niliyoilamba.

Mbele kidogo, mikoko yenyewe inasimama juu ya mizizi iliyopinda. Jani lake silioni chembe hata moja. Mti huu huizuia sehemu kubwa ya chumvi palepale mizizini, kwenye tando za seli. Mwaka 1965 mwanasayansi Per Scholander na wenzake walionyesha kuwa maji ndani ya miti ya aina hii huvutwa kwa nguvu inayoushinda mvuto wa chumvi ya bahari, ambao ni kama angahewa 25. Nguvu hiyo haitoki kwenye mashine yoyote. Jua hukausha majani, nayo majani huvuta maji kutoka chini. Ndani ya tando mna vijia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo Peter Agre alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Kijia kimoja kinaweza kupitisha molekuli za maji bilioni kadhaa kwa sekunde, na chumvi isipite. Sijui kiwanda cha kusafisha maji ya bahari kinachonistaajabisha kuliko mzizi huu uliojaa matope.

Lakini uwezo huo una kikomo. Miaka ya 1970 sehemu ya msitu wa Gazi ilikatwa kwa kuni za viwandani. Mahali palipobaki uchi, jua hupiga matope moja kwa moja, maji huenda na chumvi hubaki, mpaka udongo ukawa mkali kuliko bahari. Mche ukipandwa hapo unakufa kwa kiu huku mizizi yake imelowa.

Kwa hiyo wewe unayeandaa siku ya kupanda mikoko kwenu, nenda kwanza wakati wa bamvua ukaangalie kama maji yanafika kuisuuza chumvi hiyo. Ikiwa barabara au kingo za mashamba ya chumvi zimeyazuia, fungueni njia ya maji kwanza, ndipo mpeleke miche.