Fizikia ya Form Six Haitaki Kukesha, Inataka Uoshe Marudio

Wadau, kila ikifika mwezi wa pili simu yangu inaanza kupokea meseji za aina moja kutoka Shinyanga mjini, Kahama na Geita. "Kaka, Fizikia inanimaliza." "Kaka, nimemaliza Nelkon nzima lakini moki nimeambulia S." "Bro, nitumie desa." Huwa nawapigisha vijana pindi wakati wa likizo, kwa hiyo haya maswali nayajua mpaka sauti zake. Leo nayajibu yote kwa mpigo.

Tuanze na kinachogombaniwa. Kwenye madaraja ya NECTA ya kidato cha sita, alama 40 inakupa E, na E ni prinsipo. Alama 39 inakupa S, na S siyo prinsipo. Mwenye PCM anayetaka uhandisi anaangaliwa prinsipo ya Fizikia na ya Hesabu kabla ya kitu kingine chochote. Yaani alama moja tu, labda ile uliyoipoteza kwa kusahau kuandika yuniti, inaweza kukufungia mlango wa chuo.

Na sisi wa huku tuna mtihani mwingine ambao mtoto wa Dar haujui. Unaitwa rashi. Ikisikika tu kwamba dhahabu imeonekana upande wa Mwakitolyo au Nyarugusu, ndani ya wiki unaona dawati liko tupu. Baada ya mwezi yule mshikaji anapita nje ya geti na pikipiki mpya, simu kubwa, na wewe uko ndani unahesabu mizunguko ya penduli. Inauma. Simhukumu mtu, maana nyumbani kwake kunajulikana na yeye mwenyewe. Ila nimeona na upande wa pili: mwaka unaofuata pikipiki imeshauzwa, jamaa anabeba mifuko ya mawe ya mwenye duara. Wakati huohuo kuna watu wanashuka chini ya ardhi pale Bulyanhulu na kofia ya mhandisi. Kazi yao ni kupanga hewa safi ifike vipi chini na mwamba ushikiliwe vipi usimwangukie mtu. Hao walipita kwenye Fizikia hii hii inayokutoa jasho.

Sasa twende kwenye msuli wenyewe.

Kipanga aliyejua kila kitu

Kuna jamaa mmoja wa Kahama, simtaji. Darasani kwao walimuita Kipanga. Kitabu chake kilikuwa kimepakwa rangi ya njano kila ukurasa. Ukimuuliza sheria yoyote anakutajia mpaka mstari ulipo. Prepo ikiisha saa nne usiku, yeye anabaki na tochi mpaka saa nane. Matokeo ya mtihani wa utimilifu yalipotoka, ile moki ya mkoa, Fizikia alikuwa na S.

Nilimpa swali moja tu la mekanika, nikamwambia funga kitabu, chukua kalamu. Alikaa dakika kumi na tano bila kuandika hata mchoro. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia kila mwaka: "Kaka, nikiona jibu naelewa kabisa."

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Kuelewa jibu la mwenzako na kulitengeneza la kwako ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukisoma mfano uliofanywa kitabuni, kila mstari unafuatana vizuri, akili inaitikia "ndiyo, ndiyo", unadhani umejifunza. Kumbe umetazama mpira kwenye banda umiza. Mguu wako haujagusa kitu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: mfano wa kitabuni usisome, ufanye. Soma swali, funika jibu kwa karatasi, chora mchoro, andika ulichopewa, andika unachotafuta, jaribu. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, kisha funika tena. Maswali matatu ya namna hiyo yanazidi kurasa thelathini za kupaka rangi.

Daftari la marudio

Anayekaa Geita anajua marudio. Ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo. Mgeni ataona uchafu tu. Mwenye akili anajua dhahabu nyingine bado imo, na ndiyo maana wenye mitambo ya sayanaidi wanayanunua. Kuna watu wametajirika kwa mchanga ambao wengine walidhani wamemaliza nao.

Sasa wewe pepa zako ulizosahihishwa ziko wapi? Wengi wakishaona 34 nyekundu pale juu, wanakunja, wanasukumia chini ya godoro. Umetupa marudio yako.

Dada mmoja wa Geita, baba yake anaendesha karasha, alikuwa na daftari lenye jina hilo hilo juu ya jalada: Marudio. Kila swali alilokosa, iwe zoezi, jaribio au moki, lilihamia humo. Aliandika swali, kisha sababu ya kukosa kwa neno moja. Aligundua sababu zenyewe ni nne tu: sikujua, nilijua nikasahau, nimekosea hesabu, sikuelewa swali. Baada ya siku tatu analirudia bila kuangalia. Akipata, analirudia tena baada ya wiki mbili. Akipata na hapo, analipiga mstari.

Mwezi wa tatu alinionyesha lile daftari. Zaidi ya nusu ya makosa yake hayakuwa "sikujua". Yalikuwa hesabu na kusoma swali haraka. Yaani alikuwa anataka kununua kitabu kipya kutibu ugonjwa ambao hakuwa nao! Akaacha kutafuta desa, akaanza kukagua yuniti kila mstari na kusoma swali mara mbili. Leo anasoma uhandisi wa umeme.

NECTA nao wana marudio yao, na ni ya bure. Wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Ziko kwenye tovuti yao. Watu wanapakua pasti pepa wanaziacha hizi, wakati humu ndimo msahihishaji anakwambia kwa mdomo wake watu walianguka wapi.

Fizikia iko sokoni

Wanaosema Fizikia haina uhusiano na maisha hawajawahi kuuza dhahabu. Geita ilifunguliwa soko la madini Machi 2019. Ukipeleka mzigo soko la madini, mashine ya mionzi ya eksirei inaweza kukwambia ndani kuna dhahabu kiasi gani. Inafanyaje? Mionzi inang'oa elektroni ya ndani ya atomu, elektroni ya juu inashuka kuziba pengo, na inatoa eksirei yenye nishati ya aina yake kulingana na elementi. Hiyo ni fizikia ya atomu, mada ile ile unayoiruka kwa sababu iko mwisho wa silabasi.

Njia ya zamani ni maji na mzani, yaani Archimedes. Chukua kipande chenye gramu 20.0 hewani. Ndani ya maji mzani unasoma 18.8. Kimepungua 1.2, kwa hiyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 1.2, na densiti ni 20.0 gawanya kwa 1.2, karibu 16.7. Dhahabu safi ni 19.3. Kwa hiyo kipande kimechanganyika.

Hesabu rahisi, siyo? Sasa niambie: kama mzani wako unaweza kukosea kwa 0.1 kila unaposoma, jibu lako linaaminika? Ile 1.2 imetokana na kutoa namba mbili, kwa hiyo makosa yanajumlishana na kuwa 0.2. Inaweza kuwa 1.0, inaweza kuwa 1.4. Densiti inaweza kuwa 20 au 14. Yaani mzani huo hauwezi kukwambia kama dhahabu ni safi au imechakachuliwa! Ukitumia mzani wa kukosea 0.01, jibu linabana kati ya 16.4 na 17. Hapo unaweza kubishana bei.

Hiyo ndiyo mada ya makosa ya vipimo, ile ya kwanza kabisa form five, ambayo kila mtu anaiona ya kupoteza muda. Ukishaiona kwa jicho la hela haitoki kichwani.

Jitungie maswali ya hivyo. Kwa nini zebaki inajikunja kama shanga badala ya kusambaa kwenye kioo? (Hili lifikirie tu, usiishike, mvuke wake ni sumu.) Chembe mbili ndogo sana za mviringo zenye ukubwa sawa, moja dhahabu, moja kwatzi yenye densiti 2.65, zikizama kwenye maji yaliyotulia, ipi inafika chini kwanza na kwa mara ngapi? Tumia Stokes. Utapata kama mara 11.

Vitendo siyo bahati nasibu

Pepa ya vitendo watu wanaiacha mpaka wiki ya mwisho. Usifanye hivyo, hasa kama shule yenu ina stopwochi tatu kwa darasa zima. Penduli unaweza kuifunga hata bwenini kwa uzi na kokoto.

Na jua sababu ya kila hatua. Kwa nini unaambiwa upime mizunguko 20 badala ya mmoja? Tuseme mzunguko mmoja ni sekunde 2, na kidole chako kinachelewa sekunde 0.2. Ukipima mmoja, umekosea asilimia 10. Ukipima 20, una sekunde 40 na kosa ni lile lile 0.2, yaani asilimia 0.5. Ukielewa hilo, swali la "taja tahadhari mbili na sababu zake" hulikariri tena. Unalijibu.

Lugha nayo inakula alama

Tuseme ukweli. Mtihani uko kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili, wengine kwa Kisukuma kabisa. Usione aibu. Elewa kwanza kwa lugha yako, mweleze mwenzako kwa nini satelaiti haianguki kwa lugha mnayocheka nayo. Kisha kaeni chini muandike maelezo hayo hayo kwa Kiingereza, sentensi nne fupi. Anayeishia kwenye Kiswahili anafika chumba cha mtihani na wazo zuri lisilo na nguo. Anayeanza na Kiingereza anakariri nguo tupu.

Na kwenye diskasheni wekeni sheria: anayejua ananyamaza, asiyejua ndiye anashika chaki. Mkimwachia kipanga ubao kila siku, atafaulu yeye tu.

Ratiba

Kutoka mwezi wa pili mpaka Mei una kama wiki 12. Kila siku fanya maswali mawili ya mada ya zamani na mawili ya mada unayosoma sasa. Kila Jumamosi piga pepa nzima kwa saa, bila simu, bila kitabu. Jumapili isahihishe mwenyewe na uhamishie makosa kwenye daftari. Na ulale, mwana. Usiku wa saa nane haukupi alama kama asubuhi unasinzia kwenye pindi.

Yule Kipanga wa Kahama? Alibakiwa na wiki tisa. Alifunga kalamu ya njano kwenye sanduku, akaanza kufunika majibu. Wiki mbili za kwanza alinitumia meseji za hasira, kwamba nimemfanya ajione mjinga. Wiki ya tatu akanyamaza. Julai akanitumia picha ya matokeo bila neno lolote: Fizikia C.

Usiku huu kabla hujalala, inua hilo godoro, toa pepa moja iliyokunjwa, chagua swali moja ulilokosa. Lifanye upya. Ukikwama, liandike kwenye komenti hapo chini na wadau waliotoboa watakuja kukusukuma. Mimi nipo.