Siku ya Masika Katika Milima ya Shimba

Mtu wa Mombasa aweza kukueleza habari za Misri na za Makka, lakini milima ya Shimba, iliyo ng'ambo ya kivuko chake, hajapata kuikanyaga. Kwa sababu hiyo, katika likizo ya Aprili, nilikodi matatu nikawapakia watu wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, tukavuka Likoni kwenda kuitazama hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1968.

Tulipoiacha barabara ya pwani pale Kombani tukaanza kupanda Kwale, mbingu zilifunga. Lango tuliliingia katika ukungu mzito, na mvua ikapiga bati la gari hata tusisikizane. Mjukuu wangu akanuna, "Babu, mvua mbaya hii!" Mama yangu akamkemea, akamsomesha dua ya kuomba mvua iwe ya manufaa, neno kwa neno, mpaka akaitamka sawasawa.

Palahala tulimwona mmoja tu: dume, mweusi kama masizi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwa nyuma mfano wa majambia. Katika Kenya nzima, hapa ndipo makao yake. Alisimama mvuani wala hakutafuta mti wa kujisitiri.

Mbele kidogo ndovu akatokea ukunguni, akasimama katikati ya njia. Dereva akazima gari. Ndovu wa Shimba walikuwa wameuzidi msitu, hata mwaka 2005 wengi wakahamishwa kwenda Tsavo Mashariki. Huyu aliyebaki hakuwa na haraka. Mama akasoma Ayatul Kursiyyu, akairudia, akairudia tena, na watoto, ambao darasani siwawezi kwa kelele, hawakukohoa. Surat Al-An'am, katika aya ya 38, yatujulisha kwamba wanyama nao ni umma kama sisi. Nimeisomesha miaka mingi, lakini siku ile umma huo ulituzibia njia. Hatimaye akageuka, akaingia mwituni, miti ikamfunika.

Kwenye maporomoko ya Sheldrick hatukufika. Askari alituzuia kwa utelezi wa njia ya miguu, na alikuwa na haki, ingawa wasichana walilia.

Adhuhuri ilipoingia, vijana walitaka kuikusanya na alasiri. Nikawaambia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi masafa yale hayatoshi, na kukusanya kwa ajili ya mvua kuna masharti yake, miongoni mwayo jamaa ya msikitini. Tukasali adhuhuri peke yake, kibandani, kwa zamu, tukitawadha kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa sufuria ya pilau.

Hapo nikawaeleza kwamba msitu ule ndio unaoyapokea maji haya na kuyahifadhi ardhini, na kwamba chemchemi za Marere, zilizo katika milima hiyo hiyo, zimekuwa zikipelekewa Mombasa kwa mabomba tangu siku za Mwingereza.

"Basi maji ya birika la msikiti yatoka hapa?" akauliza yule aliyenuna.

"Huenda baadhi yake," nikamjibu.

Akatoka nje ya kibanda, akakinga viganja, akanywa.

Tuliteremka ili alasiri itukute Kwale. Kombani kulikuwa kukavu kabisa, na wauza madafu walizitazama nguo zetu wakacheka.