Musonoi: Wamama wa likelemba watembea siku moja kwenye ziwa Nzilo

Jumamosi iliyopita wamama 22 wa likelemba moja ya Musonoi, hapa mujini Kolwezi, walifunga milango yao, wakapanda basi la kukodi na kwenda kutembea kutwa nzima kwenye ziwa Nzilo. Hawakuenda kwenye matanga, hawakuenda kwenye harusi, wala hawakuitwa na chama cha siasa. Walienda kuona, kula na kucheza. Katika kartie nzima watu walishangaa.

Nusura safari ivunjike. Katika likelemba hiyo kila mama anatoa franka 3.000 kila Jumapili kisha misa. Sehemu kubwa inapewa mwenye zamu, na kidogo kinabaki katika sanduku kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwaka huu, kwa neema ya Mungu, misiba haikuwa mingi na sanduku likawa zito. Mama Prezida akatoa wazo la kutembea Nzilo. Mama Kesie, ambaye analinda sanduku hilo tangu miaka sita, akasimama kupinga.

Sababu yake ilikuwa inajulikana. Tangu mwezi wa tano nyumba yake imeandikwa namba kwa rangi nyekundu, pamoja na nyumba za wamama wengine wawili. Wameambiwa kwamba mgodi utapanuka na wao watahama. Siku haijatajwa.

“Mi minakatala,” alisema. “Nyumba yangu iko na namba ku kibambazi, na munataka kuenda kukula samaki?”

Mama Prezida hakukasirika. “Njo maana tunaenda,” alijibu. “Kisha kuhama, nani atatukusanya tena?”

Walipiga kura kwa mikono. Kumi na watatu walikubali, tisa walikataa. Mama Kesie alifungua sanduku mwenyewe, akahesabu pesa mara mbili, akasema yeye hatakwenda. Lakini Jumamosi saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, katika baridi kali ya mwezi wa saba, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusimama mahali pa basi, sufuria kubwa kichwani na bikwembe viwili mabegani. Hakueleza kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Ndani ya basi kulikuwa pia watoto saba na mzee mmoja, fundi wa umeme wa zamani wa Gécamines, ambaye wote wanamwita Papa Kuran. Alialikwa kwa sababu aliwahi kufanya kazi Nzilo. Yeye ni mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10.000 walioondoka katika kampuni kwa mpango wa mwaka 2003. Bado anakumbuka posho, lile gunia la unga lililokuwa linafika nyumbani kila mwezi hata kama baba ni mgonjwa.

Njiani aliwafundisha watoto. Kiwanda cha umeme cha Nzilo kilianza kazi mwaka 1952 wakati wa Union Minière, kikiitwa Delcommune. Nguvu yake ni megawati 108. Chini yake, kwenye mto uleule wa Lualaba, kikafuata cha Nseke mwaka 1956. Umeme huo ulitafutwa kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha shaba, na taa za nyumba zilikuja nyuma.

Kisha akarudi mbali zaidi. Kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, mababu wa inchi hii walikuwa wanachimba malakiti, ile mawe ya kijani, na kuiyeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala na mivukuto. Shaba ilimwagwa katika umbo la musalaba. Kwa misalaba hiyo watu walinunua vitu na kulipa mahari. Ndiyo maana bendera ya Katanga ya miaka 1960 hadi 1963 ilikuwa na misalaba mitatu.

“Kumbe haina Bazungu njo balianza, Papa?” mtoto mmoja aliuliza.

“Hapana. Bazungu balionyeshwa.”

Basi zima lilicheka, hata dereva.

Walipofika, kwanza walimsalimia chifu wa kijiji na kumpa unga na sukari, kama desturi inavyotaka. Kisha wakateremka kwenye maji. Ziwa lilikuwa limetulia, pirogi zinarudi na samaki wa usiku. Msichana mmoja wa miaka tisa alisimama ukingoni bila kuvua viatu. Yeye amezaliwa Musonoi, na mto anaoujua ni ule unaopita karibu na kwao, ambao mama yake anamkataza kuugusa kwa sababu rangi yake inabadilika badilika. Alitazama miguu ya wengine ndani ya maji, akaona hata vidole vinaonekana.

“Mama, maji hii tunaweza kunywa?”

Mama mmoja mvuvi alimjibu: “Shee tunachemsha kwanza, mama. Lakini kuoga, oga tu.”

Mtoto akavua viatu. Hadi saa tisa hakutoka tena majini.

Chakula kilipikwa juu ya mbabula na moto wa kuni. Kulikuwa bukari ya mahindi iliyochanganywa na muhogo, samaki wabichi walionunuliwa palepale, sombe yenye mafuta ya ngazi, na finkubala zilizokaushwa tangu masika, zikakaangwa na kitunguu. Mama mmoja alileta kikanda, ile inayotwangwa kutoka viazi vidogo vya porini pamoja na karanga, ikapikwa mpaka ikashikamana na kukatwa vipande kama nyama. Munkoyo ilikuwa katika bido mbili za manjano. Watoto wawili walikuwa hawajawahi kuinywa, wamezoea sukari ya chupa tu. Mmoja alikunja uso, wa pili aliomba tena.

Papa Kuran hakuangalia bwawa sana. Alikaa na wavuvi watatu, wakachimba mashimo kwenye muchanga, mistari minne, wakacheza kisolo kwa mawe madogo. Alifungwa mara tatu na kijana wa umri wa mujukuu wake. Alisema macho yake ndiyo yaliyomfungisha.

Karibu saa nane ya mchana jambo moja lilitokea. Wamama walikuwa wanaosha sahani, wanaongea kwa sauti. Ghafla wakanyamaza, mmoja kisha mwingine, mpaka wote. Mama Kesie alikuwa ameinua mkono, kiganja juu, kama mtu anayesubiri. Wavuvi waliwatazama bila kuelewa. Ni saa ambayo mara nyingi baruti inalipuka mgodini, na Musonoi kila mama anaijua: unashika sahani, unaondoa mtoto karibu na ukuta, unasubiri, kisha unaendelea. Pale Nzilo walisubiri pia, na hakuna kilicholipuka. Ilisikika sauti ya maji na ya ndege tu.

“Haiko hapa,” Mama Prezida alisema polepole.

Mama Kesie alishusha mkono. Akasema: “Basi tucheze.”

Wakacheza nzango. Ni mchezo wa wasichana ambao kila mama wa Kongo ameucheza katika uwanja wa masomo au mbele ya nyumba, na siku hizi una sheria na mashindano makubwa. Mwaka 2015 ulionyeshwa katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Timu mbili zinatazamana. Mmoja anatoka huku, mmoja kule, wanaruka na kupiga makofi kufuatana na wimbo, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Timu moja inapata pointi miguu ikikutana upande mmoja, timu ya pili inapata ikipishana. Unahitaji pumzi, na unahitaji kumdanganya mwenzako kwa macho.

Musonoi walisimama upande mmoja, wamama wavuvi upande mwingine, bikwembe vimefungwa kiunoni. Mama Kesie, mwenye miaka 54, alitolewa wa mwisho kwa sababu walifikiri amechoka. Akachukua pointi nne mfululizo. Mpinzani wake, kijana anayevuta nyavu kila siku, alikaa chini kwa kicheko. Mwishowe Nzilo walishinda 21 kwa 18, na washindi wakawapa wageni kapo moja ya samaki wakavu wapeleke Musonoi.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa linashuka na vumbi linaingia madirishani. Watoto walilala. Mama Kesie alikuwa na sanduku magotini. Aliita mbele: “Mama Prezida, sanduku nitaiacha kwa nani?”

“Inabakia kwako.”

“Hata kama banatupeleka mbali?”

“Hata mbali. Kama haiwezekani kila Jumapili, tutakuya kwako kila mwisho wa mwezi. Basi tumejua kulipia.”

Hakuna aliyepiga kura mara hii. Mama Kesie alitoa kaye yake na kuandika, herufi zikitikisika kwa sababu ya barabara: basi, samaki, unga wa chifu, kuni. Zilibaki franka 47.000.

Jana Jumapili, kisha misa, wamama wote 22 walitoa franka 3.000. Namba nyekundu bado iko kwenye ukuta wa Mama Kesie. Chini yake, kwenye kamba ya nguo, samaki wa Nzilo walikuwa wanaanikwa.