Gari Lililokauka Juujuu

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji yake, nao ni mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, huko Kalemie. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda; na ziwa likisha kupanda, mto Rusizi utokao ziwa Kivu hukosa pa kumwagia, maji yake yakatapakaa katika uwanda wa Gatumba, magharibi ya mji wa Bujumbura. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2020, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2024.

Miongoni mwa waliofikiwa na maji ya 2024 alikuwako mwalimu mmoja mstaafu. Usiku ule yeye na mkewe walihamisha watoto, godoro, vyombo na madaftari ya shule. Gari halikuweza kuhamishwa, kwa kuwa njia ilikwisha kuzibwa na maji. Lilikuwa Toyota Carina ya zamani, alilonunua kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na mpwa wake ndiye aliyeliendesha, akipakia abiria baina ya Bujumbura na mpaka wa Kongo. Nauli hizo ndizo zilizolipa mkopo, na masazo yake ndiyo yaliyolipa karo.

Maji yalipanda hadi kugusa vikalio vya viti, yakakaa siku mbili. Siku ya tatu vijana wa mtaani walilisukuma gari hadi mahali pakavu. Hapo mwalimu alifanya jambo moja la busara: alikataza mtu yeyote asiguse ufunguo. Aliita fundi wa karibu, akafungua waya hasi wa betri, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini na kukitazama juani. Mafuta yaliyoingiwa na maji hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa, na injini ikiwashwa katika hali hiyo huweza kuharibika kabisa. Mafuta yale yalikuwa meusi, safi. Kichungio cha hewa kilikuwa kikavu. Injini ikawaka, na nyumba nzima ikashangilia.

Shangwe hiyo ndiyo iliyowaponza. Kwa kuwa injini ilikuwa nzima, walidhani gari zima ni zima. Mpwa alikamua mazulia madogo ya miguuni, akapangusa viti kwa matambara, akaliacha gari juani kutwa moja, vioo vikiwa vimefungwa kwa hofu ya wezi na manyunyu. Gari lililofungwa vioo juani ni mfano wa sufuria yenye kifuniko: maji hupanda kuwa mvuke, na usiku ukiingia mvuke ule ule hushuka ukarudi ulikotoka. Siku iliyofuata alinyunyiza marashi, akaingia barabarani.

Kwa siku tisa gari lilijieleza lenyewe, lakini hakuna aliyependa kulisikiliza. Kila alfajiri vioo vyake vilikuwa vimetanda ukungu kwa ndani, ilhali magari mengine yalikuwa makavu. Mkanda wa kiti cha mbele uliota madoadoa meusi. Taa ya ndani ilianza kuwaka yenyewe. Siku ya saba, mama mmoja mchuuzi wa sokoni, mwenye mtoto mgongoni, aliomba kushuka katikati ya safari. Mtoto alikuwa akikohoa. Alilipa nauli kamili, asiseme neno. Mpwa aliporudi jioni alisimulia jambo hilo kwa hasira, lakini mwalimu hakukasirika. Alitoka, akaingia garini peke yake, akafunga mlango, akakaa humo kitambo akivuta pumzi.

Siku ya tisa mpwa alikuja na habari njema. Mfanya biashara mmoja wa Gitega alitaka gari la kubebea wanawe shule, na bei yake ilitosha kufuta deni lote.

“Mjomba, tumpe upesi,” alisema. “Kule mlimani hawajui mafuriko. Nitalisugua, nitalitia marashi mapya. Injini si nzima?”

Mwalimu alinyamaza, na kwa kweli alikuwa akipiga hesabu. Asidhaniwe kuwa alikuwa malaika. Mkewe ndiye aliyeuliza, huku akiendelea kuchambua mchele: “Na hao wanawe watakaa wapi humo ndani?”

Asubuhi gari likapelekwa Buyenzi. Yeyote aijuaye Bujumbura anajua kwamba huko kila baraza lina nyundo, na Kiswahili ndicho lugha ya spana. Fundi mmoja mtu mzima alifungua mlango, akanusa mara moja, akasema, “Mzee, hili limekauka usoni tu.”

Alikata umeme wa betri, akangoja robo saa kabla ya kuchomoa plagi za nyaya chini ya viti, kwani magari yenye mifuko ya hewa ya usalama huweza kuifyatua mtu akizigusa kwa pupa. Kisha akafungua viti vya mbele, boliti nne kila kimoja, kwa spana namba 14. Kikalio cha nyuma kiling’oka kwa kuvutwa juu. Akatoa vipande vya plastiki vya kando ya milango, halafu akakunjua zulia kubwa lililofunika sakafu.

Chini yake mlikuwa na tandiko nene, namna ya blanketi la nyuzi zilizoshindiliwa, liliwekwalo kupunguza kelele na joto. Lilikuwa limelowa chepechepe, siku ya kumi baada ya gari kutoka majini. Watu wawili walilibeba kama wabebavyo mgonjwa. Chini ya tandiko mlikuwa na tope la Rusizi, laini kama unga, na viungio vya nyaya vilivyokwisha kufanya ukoga wa kijani. Bahati yao maji ya ziwa lile ni baridi, si ya chumvi. Aliyeingiliwa na maji ya bahari kule Mombasa au Dar es Salaam angekuta kutu mbaya zaidi.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kukausha, bali ya kuosha, na jambo hili huwashangaza wengi. Maji ya mafuriko hupitia vyooni kabla ya kuingia garini. Tope likiachwa huhifadhi unyevu na uvundo pamoja. Fundi alivaa glavu, akang’oa vizibo vya mpira vilivyo sakafuni, akaimwagia sakafu maji safi ya sabuni yakatokea chini. Viungio vya nyaya vilisuguliwa kwa mswaki mkavu. Mikanda ilivutwa hadi mwisho wake ikaoshwa, na penye ukungu pakafutwa kwa siki. Tandiko lilikuwa limeoza pembeni; sehemu hiyo ilikatwa na kutupwa.

Viti vilisimamishwa wima ili maji ya ndani ya sponji yashuke, maana kiti kilicholazwa huweza kuonekana kikavu juu huku tumbo lake limejaa maji. Mvua za Aprili zilikuwa bado, hivyo kila wingu lilipotanda watoto wa mwalimu walitumwa kuviingiza barazani, na jua likitoka kuvirudisha nje. Usiku feni lilipuliza ndani ya gari, vioo vikiwa wazi, na mke wa mwalimu alileta magazeti makuukuu ya kufyonza unyevu na beseni la makaa makavu ya kuondoa harufu.

Ilichukua siku kumi na moja. Kila mpwa alipodai kuwa sasa basi, fundi alitandaza karatasi ya nailoni juu ya zulia usiku, akaibandika kingo zake. Asubuhi aliifunua na kumwonyesha matone upande wa chini. Siku ya kumi na moja nailoni ilikuwa kavu.

Mfanya biashara wa Gitega alikuja. Mwalimu alimweleza yote: siku mbili za majini, siku tisa za uzembe, na kazi ya Buyenzi. Mgeni alikunja zulia, akatazama, akapapasa, akashukuru kwa adabu, akasema atakwenda kushauriana na mkewe. Hakurudi. Chama kilikubali kusogeza malipo ya mwezi ule, na riba ikaongezeka kidogo.

Mwezi Mei gari lilikuwa barabarani tena. Mpwa, aliyenuna juma zima, amebaki na kile kipande cha nailoni. Mvua ikinyesha usiku hukitandaza sakafuni kabla ya kulala, na asubuhi hukifunua kwanza, kisha ndipo anywe chai.