Mishono ya Fuvu

Bibi yangu alizaliwa mtaa wa Mkomani, Lamu, na humo akafia mwaka 2003. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Karani alipouliza umri wa marehemu nilikadiria tu, nikasema miaka 82, naye akaandika kama aandikaye jambo la hakika. Liliniuma.

Tangu siku hiyo, msomaji, nimetamani kujua kama mfupa waweza kusema pale karatasi iliponyamaza. Fuvu la mtu si kipande kimoja. Ni vipande vilivyounganishwa kwa mishono, mfano wa mtepe, chombo cha kale cha visiwa vyetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi. Gusa taratibu utosi wa mtoto mchanga: pale panapotutika ndipo mifupa haijakutana, na kwa kawaida hukutana kabla ya miaka miwili. Mishono mingine huzibika polepole katika utu uzima, hata baadhi yake isionekane. Mwaka 1985 Meindl na Lovejoy, wataalamu wa Marekani, walichunguza mafuvu 236, wakaupa mshono ulio wazi alama 0 na uliofungika kabisa alama 3.

Lakini mishono haina ahadi. Fuvu la mtu wa miaka 40 laweza kuwa limefungika, na la mzee wa 70 likawa lingali wazi. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hutazama meno na nyonga pia, kisha hutaja kadiri ya miaka mingi, si mwaka mmoja. Hata viungo vya mwili mmoja hubishana: mvulana wa kale wa Nariokotome, aliyevumbuliwa na Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Turkana mwaka 1984, mifupa yake ilimpa miaka kama 13 kwa kipimo chetu, na meno yake kama 8.

Basi nikakumbuka neno la bibi mwenyewe, kwamba alizaliwa Mfunguo Pili, kusi limekaza. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kuzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Nikapiga hesabu. Katika wakati wa ujana wa mama yake, Mfunguo Pili uliangukia Juni na Julai toka 1922 hadi 1924 tu. Huenda nilimzidishia bibi miaka mitatu; na daftari la karani lilikwisha kufungwa.